Wastani wa Maandazi ya Shangazi

Shangazi yangu wa Buguruni alikata maandazi kwa jicho tu, na jicho lenyewe lilikuwa na upendeleo. Moja linatoka kama ngumi, jingine la kuonea huruma. Kiwanda cha jirani kilipopata tajiri mpya, msimamizi wa kantini akaja na sharti: ataokota andazi moja, likiwa chini ya gramu sabini na sita, tenda ya maandazi ya kantini anapewa mwingine. Tenda hiyo ndiyo iliyokuwa ikitulisha wote pale nyumbani.

Mie nilikuwa chuoni nasoma takwimu, majivuno yamenijaa mpaka puani. Nikaazima mizani buchani, nikapima maandazi asubuhi kadhaa. Wastani gramu themanini, yakipishana kwa kadiri ya kumi na mbili. Akipima moja tumekwisha, nikamwambia shangazi, maana zaidi ya theluthi yana uzito pungufu. Ila akiokota thelathini na sita bila kuchagua, makubwa yatayabeba madogo. Chukua kumi na mbili, gawa kwa kipeuo cha pili cha thelathini na sita, unapata mbili. Basi wastani utachezea gramu mbili tatu hivi kando ya themanini. Kushuka chini ya sabini na sita ni kama mara mbili tu katika mia. Msimamizi tulimbembeleza weee, mwisho akakubali kupima wastani wa thelathini na sita.

Shangazi akaniuliza, "Na hizo mara mbili zikiangukia siku yenyewe, mwanangu?"

Nikacheka. Nikamwambia alale usingizi.

Siku ya kupima, msimamizi akaokota mwenyewe, uso kaugeuzia ukutani. Akapima, akajumlisha, akagawa. Gramu mia moja na nne. Kutoka themanini hadi pale ni hatua kumi na mbili za gramu mbili mbili, na bahati haina miguu ya kufika huko. Nikamtazama shangazi. Anaangalia dari! Kumbe mama wa watu, kwa woga wake, alikuwa amekata madonge matupu.

Tenda akapewa. Tukaanza kupongezana, msimamizi akiwa bado anafuta mikono.

"Basi huu ndio uzito wetu," akasema kwa upole. "Kila mwezi nitakuja kupima hivi hivi."

Jioni shangazi akasema, "Hesabu yako ilijua yote ya kushindwa. Ya kushinda je?"

Unga wote ukawa unakwenda kantini, na sie nyumbani tukanywa chai kavu mpaka nikamaliza chuo.