Mlima Niliouombea Punguzo

Mama alipopata kiti cha magurudumu, alitaka jambo moja tu: kutoka nje mwenyewe, asibebwe tena kama gunia la mihogo. Nikamwita fundi pale kwetu Kasulu, ageuze ngazi za baraza kuwa mteremko.

"Mteremko uwe na urefu wa mita nne, la sivyo utakuwa mkali," akasema.

"Mbili!" nikajibu kwa mazoea ya sokoni, ambako neno la kwanza la muuzaji halikubaliwi.

Tukapatana tatu. Nikajiona mjanja.

Jumapili majirani walikuja kutazama. Mama alishuka kwa kasi hadi kwenye migomba. Kupanda, hakuweza. Akanigeukia.

"Mwana wanje, mwanangu, hata mlima umeuombea punguzo?"

Watu wakacheka. Nikainama, nikambeba mgongoni. Yeye alifumba macho.