Kijani kilichonidanganya Newala

Leo nimeshangilia kufeli. Subirini niwaambie.

Ofisini kwetu hapa Newala tunaandika programu ya kutabiri mvua, ili wakulima wajue lini wapulizie mikorosho salfa, dawa ya ukungu. Ukipulizia leo mvua ikanyesha, salfa yote imekwenda na maji.

Asubuhi nikamaliza kuunganisha majaribio. Mtu akibadilisha programu, inajipeleka yenyewe kupimwa kwenye kompyuta kubwa iliyoko Dar. Ikifaulu, inawaka taa ya kijani. Ikifeli, nyekundu.

Kijani!

Nikasema tuwatumie wakulima utabiri leo leo.

Mwenzangu Mama Upendo akatikisa kichwa. Huyu kakulia Chiungutwa, baba yake alikuwa akipima ubora wa korosho ghalani.

"Korosho haipimwi kwa ganda, Baba Juma. Tupasue kwanza."

Akaiharibu programu makusudi. Palipotakiwa kujumlisha mvua, akaweka kutoa.

Tukasubiri nyekundu.

Kijani. 😳

Jamani, nilitamani kuingia chini ya meza.

Kumbe mfumo wangu ulikuwa unaiweka kazi kwenye foleni ya Dar, ukiambiwa "imepokelewa" tu, unawasha kijani. Majibu hausubiri!

Mama Upendo hakunicheka sana. "Umepiga hodi ukaondoka kabla hawajafungua," akasema, akavuta kiti, tukarekebisha.

Jioni programu ile ile mbovu ikaleta nyekundu. Ofisi nzima vigelegele!

Nyie mna mtu kama huyu kazini?

Mama yangu kapiga simu sasa hivi kutoka Lupaso, anauliza apulizie lini.

Nimemjibu, "Shikamoo mama. Subiri kidogo, Mama Upendo bado anapasua."