Rangi ya Majani Ndani ya Landrova ya Baba

Enzi zetu sisi wa Ulyankulu, gari lilikuwa na rangi mbili. Ya nje ilikuwa ya watu wote, hata mbuzi waliijua. Ya ndani, ukitaka kuiona, ilibidi uumwe, upate uchungu wa kuzaa, au uwe mtoto wa mwenye gari. Mimi nilikuwa mtoto wa mwenye gari, na bado nilikuwa najifanya tumbo linauma ili nikae mbele.

Baba alilima tumbaku. Landrova yake aliinunua ikiwa imeshachoka, akaichosha zaidi: ilibeba tumbaku, wagonjwa, maharusi, mapadri. Kuna watu wazima pale kijijini walizaliwa humo, njiani kwenda Tabora mjini, na wakiniona wanauliza, "Gari letu lipo?" Nakumbuka harufu ya petroli na tumbaku kavu. Nakumbuka bati la dashibodi lilivyokuwa likipigwa jua, ukiligusa unaruka. Ila rangi yake, haki ya Mungu, ilikuwa imenitoka kabisa.

Baba alipofariki gari lilikaa tu, kuku wakataga humo. Mwaka huu mama, ambaye miguu imeanza kugoma, akasema, "Nataka nipande tena gari la baba yenu, nikaone shamba. Lakini liwe lilelile." Tukalivuta mpaka mjini kwa Fundi Shabani. Injini ikapona. Bado ndani, ambako rangi ilikuwa imeliwa na kutu na kuku. Nikampigia mama simu: ndani ilikuwa rangi gani?

"Rangi ya majani, Yosefu. Umesahau?"

Mimi na kidato changu cha pili ambacho sikukimaliza, nikamgeukia fundi kwa sauti ya profesa: "Kijani!"

"Una uhakika?"

"Fundi, nimekulia humo ndani!"

Akapaka kijani. Gari likawa kama kiwavi aliyefunguliwa mdomo.

Nikalipeleka nyumbani kwa mbwembwe, honi kijiji kizima. Mama akafungua mlango, akachungulia, akaufunga taratibu.

"Hili la nani?"

"La baba, mama."

"Baba yako aliuza majani mabichi lini?"

Hapo akili ikanirudia. Kwetu mboga tuliita mboga, nyasi tuliita nyasi. Majani yalikuwa kitu kimoja tu duniani: tumbaku iliyotoka kwenye bani la kukaushia, njano inayoelekea kwenye kahawia. Mtoto wa mkulima wa tumbaku nimesahau lugha ya nyumbani! Mama akasema hapandi, na shamba basi, haendi tena. Siku mbili hakunitania hata mara moja. Wanaomjua mama wanaelewa hilo ni jambo zito.

Nikarudi kwa Fundi Shabani na aibu yangu. Hakunicheka sana, alicheka kiasi cha kukaa chini tu. Kisha akasema, "Safari hii hatuulizi mtu. Tunaliuliza gari lenyewe."

Akang'oa kipande cha bati nyuma ya dashibodi, akakilowesha, akaanza kukisugua kwa msasa laini, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Kikatoka kijani changu. Kikatoka kijivu. Ikatoka bluu, ile iliyopakwa kwenye madirisha ya kanisa, maana baba hakuwa mtu wa kuacha rangi ibaki kwenye kopo. Chini kabisa, kwenye kona ambayo jua halikuwahi kufika, ikabaki alama ndogo kama ukucha. Majani yenyewe.

Binti yangu Neema akaipiga picha kwa simu. "Tayari baba, rangi ninayo hapa!"

"Mwanangu, piga tena kivulini," fundi akamwambia. Akapiga. Ikaja rangi nyingine. "Haya, tuchanganye ipi?" Neema akairudisha simu mfukoni.

Sijawahi kuona macho kama ya yule mzee. Nyeupe, njano, kahawia kidogo, nyeusi anaigusa kwa ncha ya msumari. Anapaka kwenye kibati, anasubiri kikauke kwa sababu rangi mbichi inadanganya, anatoka nacho juani, anarudi nacho kivulini, anakilaza kando ya ile alama. Vibati kumi na kimoja! Mimi kazi yangu ilikuwa kuhesabu na kunywa chai. Cha sita nikasema kimepatia. "Kimepatia kwako," akanijibu, akaendelea kukoroga.

Nilipolirudisha sikupiga honi. Mama akafungua mlango, akatazama muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye dashibodi.

"Haya ndiyo majani."

Akapanda. Neema akamsaidia mguu. Nikawasha, nikaachia klachi vibaya, gari likaruka kama chura.

"Polepole, Baba Yosefu," mama akasema, macho yakiwa kwenye dashibodi. Halafu akanigeukia: "Sikuambii wewe. Wewe endesha."

Nikaendesha. Shamba lenyewe hakulitazama sana.

Siku hizi magari yanakuja yananukia upya, ndani yote meusi tii, kiti kinakukanda mgongo na sauti ya dada inakuonyesha njia. Raha tupu, sibishi. Muulize kijana gari alilopanda asubuhi ndani lilikuwa rangi gani, atakuangalia kama mgonjwa. Wao wakishuka, wameshuka. Sisi wa ile Landrova, nadhani wengi wetu bado tumo humo, tumebanana, na hakuna anayetaka kushuka.