Leokadia Aliyekataa Uzio Ufukweni

Tangu juzi nashika simu nimpigie, halafu nakumbuka. Leokadia hayupo. Jamani, Leokadia!

Wengi mnamjua kama yule mama wa hoteli ya Ukerewe mwenye sauti ya kuita hadi ng'ambo. Mimi nilimjua kabla, miaka ya tisini, tukiwa wote reception kwenye hoteli ya serikali Mwanza mjini.

Siku tuliyotangaziwa kwamba hoteli inauzwa na sisi tunapunguzwa, staff wote tulilia. Yeye alivua beji akaiweka mezani kwa meneja. "Beji yenu hii hapa. Kazi naijua, naondoka nayo."

Nikadhani ni hasira tu. Kumbe ana mpango.

"Tedi," aliniambia tukila sato pale Mirongo, "wanunuzi wa sangara wamejaa visiwani. Watu wa miradi nao wamejaa. Wanafanyia vikao kwenye magunia. Twende kwetu tukawape pa kulala na pa kukutania."

Mimi mtu wa Pasiansi, Mwanza hapo hapo, kisiwa nakisikia tu. Nilitapika meli nzima, naye akanicheka mpaka tukashuka bandarini Nansio, kwao Ukerewe.

Tukaanza na nyumba ya marehemu shangazi yake, ufukweni kabisa. Vyumba vichache na ukumbi mmoja wa semina. Mihogo, samaki, machungwa, hata mikeka, vyote alinunua kwa majirani. Nikisema mjini tungepata rahisi, ananikata jicho: "Mjini wananijua?"

Ndipo akaja mwekezaji, suti na miwani. Anataka kujenga conference hotel kubwa, Leokadia awe meneja. Ila ufuko uzungushiwe uzio. Wavuvi na kina mama wanaochota maji watafute kwingine, wageni hawapendi harufu ya dagaa.

Nilikuwa nimekaa kando ya Leokadia. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Wageni wangu wanakuja kufanya kazi na watu hawa. Ukiwafukuza, watafanya kazi na nani?"

"Mama, haya ni mabadiliko. Utaachwa nyuma."

"Nitaachwa nyumbani."

Nguzo za uzio zikaletwa hivyo hivyo, kwa boti. Leokadia akatoka na kina mama, wakaanika dagaa ufuko mzima, mahali palepale pa kushushia. Nahodha akapiga honi mpaka akachoka. Hakuna aliyeinua hata dagaa mmoja. Boti ikageuza!

Tulilipia, msidhani hatukulipia. Kibali chetu kilikwama, semina zikahamishiwa kwingine, tukafagia ukumbi mtupu msimu baada ya msimu. Nilimwambia tufunge. Akanipa ufagio.

Wageni wakarudi taratibu. Kwanza wanunuzi wa samaki, kisha walimu, kisha wale wale waliotuhama. Mwekezaji hatukumwona tena. Leo watoto wa kisiwa wanaogelea pale, na wapishi wetu wamejenga.

Jana msibani, kabla hata chai haijaisha, bwana mmoja akamsogelea Nyanjura, binti wa Leokadia. "Pole sana. Na ule ufuko, mmeshafikiria?"

Nyanjura akamtazama. "Baba, shikamoo. Karibu ubwabwa. Ufuko tunautumia."

Nilitaka kupiga vigelegele pale pale msibani!

Leokadia, hukuwahi kupumzika hata Jumapili. Sasa pumzika kweli, dada. Wewe lala. Sisi tuko macho.