Kitambaa Ndani ya Kompresa

Mume wangu watu humwita Fundi Upepo, na jina hilo hakujipachika. Anapaka rangi milango na mageti uani kwetu kwa kompresa moja, mashine inayojaza hewa kwenye tangi, na asubuhi kabla hajanijulia hali, keshainama kufungua koki iliyo chini ya tangi ili maji yaliyojikusanya humo yatoke. "Maji yakiingia kwenye rangi, mlango unaota chunusi," husema. Paipu yake ni fupi na nene, na kila kiungo hukipaka sabuni aone kama kuna hewa inayovuja. Mashine ile aliinyenyekea kuliko anavyomnyenyekea mama mkwe wake, nami nilishaacha kuona wivu.

Kisha ikaanza kumwangusha. Ilinguruma mchana kutwa, mshale wa geji ya presha ukipanda kwa kujivuta, na bastola ya kupulizia rangi ikawa inatema mate badala ya kutoa ukungu. Mteja mmoja alirudisha mlango mbele ya majirani. Siku hiyo mume wangu aliutazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine.

Mdogo wangu, naye fundi rangi, ndiye aliyekuwa akiisafisha mashine kila Jumapili. Mimi ndiye niliyemwomba, nikajiona nimesaidia. "Shemeji, hii imechoka," akasema. "Niuzie mimi, halafu uje tufanye kazi kwangu." Nikamuunga mkono. Nikasema mwanaume mzima halilii chuma. Wakapatana aje kuichukua Ijumaa.

Alhamisi nikaona niifute vumbi, isitoke kwetu chafu. Nikafungua kifuniko cha chujio, pale inapovutia hewa. Ndani kulikuwa na kitambaa kimeshindiliwa. Nikakivuta. Kijani, pindo lake limeshonwa kwa uzi wa njano. Lilikuwa pande la koti la kazi, nililolishona kwa mikono yangu nikampa mdogo wangu siku alipofungua karakana yake. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi hata nguo yenyewe niliishona.

Nikawasha mashine. Mshale ukapanda mbio, tangi likajaa, ikazima yenyewe. Nikalia kwa hasira. Mtoto niliyembeba mgongoni mimi, akaja kuziba pumzi ya nyumba yangu huku anakunywa chai yangu!

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwonyesha kitambaa. Hakushangaa.

"Nilikiona Jumatatu," akasema.

"Ukakiacha humo? Na kesho anakuja kuichukua?"

Alikipokea, akapitisha kidole gumba juu ya mshono.

"Uzi huu naujua, mke wangu. Ni wako. Nilitaka kujua kama na wewe umo."