Kichwa Changu na Kiingereza cha Mume Wangu

Mume wangu ni kinyozi, na nisisikie mtu akisema "kinyozi tu." Watu wanavuka mitaa kufuata mkono wake. Shida yake ni miguu. Mishipa imevimba nyuma ya magoti, na daktari alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba akiendelea kusimama kutwa, ataishia kitandani. Chuo cha ufundi kilipotangaza nafasi ya mkufunzi wa unyozi, nilianza kumpigia shati pasi hata kabla hajamaliza kusoma tangazo.

Usaili wenyewe ulikuwa wa ajabu. Chuo kile kinafundisha kwa Kiingereza, na mkuu wake alikuwa amechoshwa na mafundi hodari wasioweza kueleza wanachofanya. Kila mwombaji aandike ukurasa mmoja wa Kiingereza wa kuelekeza namna ya kunyoa. Kisha karani wa chuo, mama ambaye hajawahi kushika mashine ya kunyolea maishani mwake, ausome na kumnyoa mtu kwa kufuata maandishi yale neno kwa neno. Mwenye ukurasa atasimama ukutani, mdomo kimya. Na kichwa cha kunyolewa aje nacho mwenyewe.

"Kichwa kipo," alisema mume wangu. "Shemeji."

Huyo shemeji yake ni mdogo wangu, mpole wa watu, hajui kukataa. Tulimkalisha jikoni, mimi nikajifanya karani. Niko mapokezi kwenye zahanati na Kiingereza nakiandika kila siku, ila mashine ya kunyolea nilikuwa naishika kwa mara ya kwanza. Ukurasa ulikuwa na sentensi fupifupi, kila moja kivyake kama watu waliogombana: lowesha nywele, chana, washa mashine, nyoa pembeni, nyoa juu. Nikafuata. Nyoa pembeni, sawa, nikanyoa. Niishie wapi sasa? Ukurasa ulikuwa kimya, nami nikaipandisha mashine karibu na utosi, nikaacha njia nyeupe.

"Dada!" mdogo wangu alipiga ukelele.

"Usinilaumu mimi, mlaumu mwandishi!"

Mume wangu alimwapia kwamba njia ile itaota nywele kabla ya usaili, akamnunulia kofia. Halafu mteja wake mmoja akampa maneno ya Kiingereza ya kuunganisha sentensi, tele, naye akayabugia yote. Ukurasa wa pili ulinuka usomi. Kila sentensi ilibebeshwa neno zito mlangoni: *moreover* chana nywele, *nevertheless* washa mashine, *however* kunja sikio. Kwenye *however* nikasimama, mashine inanguruma mkononi.

"Mbona umesimama?"

"Nasubiri. Umesema *however*, yaani kuna jambo linageuka hapa. Jambo gani?"

"Hakuna jambo. Nimepamba tu."

"Haya ni maelekezo au keki ya harusi?"

Mdogo wangu alichukua kofia yake akatoka na taulo shingoni. Mume wangu alinuna, nami nikanuna zaidi. Wala sikuwa nafanya mzaha. Nilikuwa naogopa. Ile miguu naikanda mimi kila jioni, naijua ilivyo.

Kuanzia siku iliyofuata alianza kunyoa polepole huku akijisemea. Wateja walidhani akili zimemruka. Kila hatua alikuwa anajihoji: kwa nini hiki kitangulie kile? Mpaka wapi? Na nisipofanya, je? Jioni moja akaingia ndani hata viatu hajavua.

"Mke wangu, njoo! Nimefuta karibu yote! Sasa neno siliweki mpaka lijieleze limekuja kufanya nini. Mtu achane kabla ya kuwasha mashine, hapo naweka *before*. Apandishe mashine mpaka ncha ya juu ya sikio, *until*. Abadilishe kichana cha mashine, la sivyo atamtoa mtu kipara, *otherwise*. Na hapa katikati mtu anajionea mwenyewe kinachofuata, sijaweka kitu. Nimeacha iende!"

Nikaunyakua ule ukurasa. Nilisoma mara moja tu, bila kurudi nyuma, na mikono yangu ikajua la kufanya. Sikumtania. Nilimkumbatia hapo hapo mlangoni.

Siku ya usaili mdogo wangu alifika mapema, nguo safi, na kichwa hakina hata unywele mmoja. Jana yake bosi wake alikuwa amemvua kofia mbele ya wateja, watu wakacheka, naye akaenda kwa kinyozi mwingine akamaliza kazi.

"Dada, nisamehe," alisema. "Nilisahau kabisa kwamba usaili ni leo, nikakumbuka nikiwa nimeshanyolewa."

Mume wangu alikaa kwenye ngazi za chuo. Ndani walikuwa wanaita jina lake.

Nywele zangu nilikuwa nazifuga tangu kabla ya kuolewa, na sioni haya kusema nilikuwa naringa nazo. Nikafungua kilemba.

"Hapana," alisema. "Sio wewe. Nitaomba siku nyingine."

"Ukurasa wako unauamini, huuamini?"

"Nauamini."

"Basi inuka, tunachelewa."

Karani aliishika mashine kama mtu aliyekabidhiwa nyoka. Mkuu wa chuo alikunja mikono kifuani. Mume wangu alikwenda ukutani. Karani akaanza kusoma kwa sauti. Ukurasa ulianza na mkasi, maana kinyozi mzuri hajui atajiwa na kichwa gani: kama nywele zimezidi urefu wa kidole, kwanza zipunguze. Zikaanguka mapajani mwangu na sikuziangalia. Kabla ya kuwasha mashine, chana. Akachana. Panda taratibu mpaka ncha ya juu ya sikio. Mashine ikapanda, baridi kwenye ngozi, ikafika pale, ikasimama. Ikasimama kabisa! Nilitamani kupiga makofi.

Akahamia upande wa pili. Nyuma ya sikio langu la kushoto kuna kovu lililotuna, ukilipitia na mashine linachanika. Mume wangu analijua. Nilimwona akijing'ata mdomo, na sheria ilikuwa asiseme neno. Karani alikuwa ameshashusha mashine, jicho likaangukia mstari unaofuata.

"*However*," alisoma, na mkono ukaganda hewani.

Ilikuwa *however* pekee kwenye ukurasa mzima. Akasoma iliyobaki: kama kidole kitagusa uvimbe au kovu, inua mashine uzunguke. Akapapasa nyuma ya sikio. Akalikuta. Akainua mashine, akazunguka, taratibu, na halikutoka hata tone la damu.

"Loo!" alisema karani, naye akaanza kucheka kwa furaha. "Kumbe naweza!"

Baada ya hapo hakusita tena. Alisoma, akanyoa, akabadilisha kichana, akasoma, akanyoa, na alipozima mashine akanipa kioo. Nilijiangalia mbele, nikageuka pembeni. Mstari juu ya sikio, mviringo pale shingoni, huo ulikuwa mkono wa mume wangu. Ningeutambua popote, na hakuwa amenigusa.

Mkuu wa chuo alinizunguka mara mbili, akainama akatazama nyuma ya sikio. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Jumatatu uanze. Mkufunzi hukaa kile kiti pale, wanafunzi ndio husimama."

Mume wangu alivuka chumba, akakaa. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, na tangu anioe sikuwahi kumwona amekaa kwenye kiti saa hiyo. Alinyoosha miguu yake mbele, yote miwili, akaniangalia. Nililia kwa sauti mbele za watu, mabega yamejaa nywele, na sikujali hata kidogo.