Swali la Saba la Dada Mkami

Siamini bado. Leo asubuhi nimeshika simu nimpigie dada Mkami nimwambie kwamba dada Mkami amefariki. Ndivyo nilivyochanganyikiwa.

Tumemzika jana kwao Kibara. Nimerudi Musoma, nyumba kimya, chai imepoa mara mbili. Wengi wenu hamkumjua, acheni niwasimulie.

Tulianza vibaya. Ilikuwa miaka ile sabuni imeanza kurudi madukani na mitumba kujaa minadani. Mimi binti wa ofisi ya ustawi wa jamii, wino wa cheti haujakauka, nikatumwa na bahasha ya fomu kwenye makao ya wazee, njia ya kwenda Butiama.

Kazi yangu: kupima kama wahudumu wanajua kumtunza mzee ambaye hatapona tena. Karatasi ya majibu sahihi niliificha kwenye pochi, utadhani mtihani wa taifa!

Mkami ndiye aliyekuwa mkubwa wa wahudumu. Darasa la saba, mikono imechubuka kwa kufua mashuka. Mashuka yenyewe yalikuwa mifuko ya unga aliyoiunga kwa sindano, maandishi ya kiwandani bado yanasomeka.

Swali la saba: "Utajuaje kama mgonjwa ana maumivu?" Jibu sahihi: kwa kumuuliza mwenyewe.

Mkami akaandika: "Simuulizi. Natandika."

Nilicheka, jamani. Nikamwekea kosa kubwa jekundu.

Report yangu ikasema hajui kazi. Akatolewa wodini, akapelekwa jikoni kukoroga uji. Niliyeandika ni mimi, sio mwingine.

Niliporudi kukagua nilimkuta Mzee Wambura, mfugaji, ana saratani. Nikamwinamia: "Babu, unaumwa?" Akasema, "Siumwi." Nikaandika: hana maumivu. Faili zima lilisema hivyo hivyo, kwa mwandiko wa kila mwenye shift.

Mkami akaingia na bakuli la uji. Akamtazama mzee, akaweka bakuli chini. "Babu, hebu nikutandikie."

Akavuta shuka taratibu. Mzee hakutoa sauti. Ila mkono wake wa kushoto ulikamata chuma cha kitanda, ukakibana, ukatetemeka mpaka shuka lilipotulia.

Tulipotoka nje akanivaa: "We Mama Fomu, yule alisimama jandoni hajapepesa jicho. Leo umuulize wewe, katoto ka kike, mbele ya wenzake, aseme anaumwa? Hawasemagi hawa! Mimi naangaliaga mkono."

Nikamuuliza, sasa dada, kwa nini hukuyaandika yote hayo?

"Mstari mlionipa ulikuwa mmoja."

Mganga wa zamu akaongeza dawa ya maumivu. Kesho yake Mzee Wambura alimaliza uji, akaomba na ugoro. Nami nikaenda kwa supervisor kukiri kosa langu, Mkami akarudi wodini.

Jina halikufutika lakini. Aliniita Mama Fomu hata siku ya harusi yangu, tena kwenye kipaza sauti. Mume wangu akadhani ni jina la ukoo.

Alinifundisha kutandika kitanda chenye mtu. "Vuta shuka, usivute mtu." Nimeifanya kazi hii mpaka kustaafu, na sijasikia somo zuri kuliko hilo.

Na mwone mezani sasa! Alikuwa ananyonya kichwa cha sato mpaka unamwonea sato huruma.

Mwaka huu akaugua. Kila Jumapili nikitoka kanisani nampigia. "Dada, unaumwa?"

"Siumwi, Mama Fomu. Mgongo tu umechoka."

Nikamshukuru Mungu, nikakata simu, nikaenda kupika.

Kibara sio mbali, magari yapo kila siku. Nilisema nitaenda mvua ikikatika. Ikakatika. Nikasema nitaenda tukishavuna.

Jana baada ya mazishi binti yake, Neema, aliniingiza chumbani. Ukutani, usawa wa mto, plasta imebanduka. Pamechimbika alama za vidole vinne.

"Mama hakusemaga kitu," Neema akaniambia. "Kila siku alikuwaga mzima."

Nimekaa na hilo tangu jana. Jibu la swali la saba nilifundishwa na mwenyewe, nikamwona akilifanya kwa mikono yake. Ilipofika zamu yake nikamuuliza kwa simu. Naona aibu, na sina wa kumwambia, maana wa kumwambia alikuwa yeye.

Nilimwomba Neema shuka safi. Nikatandika kile kitanda polepole, kona kwa kona, kama alivyonionyesha Mkami. Nikaangalia pale ukutani. Hakuna mkono ulioshika kitu.

Dada Mkami, nimechelewa, lakini nimetandika. Lala salama, dada. Lala upande wowote unaoutaka, hakuna unaouma tena.